Kidole cha Sita cha Bibi Yako

Mama,

Tangu siku uliyozaliwa nimekuita hivyo, kwa kuwa nilikupa jina la mama yangu, Mwanaidi, na mtoto aliyebeba jina la bibi yake hata kukemewa hukemewa kwa adabu. Leo nakuita hivyo kwa sababu nyingine pia, utaiona mbele.

Umetoka sasa hivi kwenda soko la Liuhua kununua begi la pili, kwani la kwanza nimelijaza masweta ambayo umeapa hutayavaa. Nakujua, hutanunua duka la kwanza wala la kumi, kwa hiyo nina mchana mzima. Ukirudi nitakupa karatasi hizi mkononi, kisha nitashuka ghorofa ya chini kwa Bi Rehema, nikae naye hadi uwe umemaliza. Usinifuate kabla ya kufika mwisho. Tiketi ya treni ya kesho kwenda Hong Kong iko chini ya kopo la majani ya chai, na ya ndege iko pamoja nayo. Utaondoka au hutaondoka, utaamua mwenyewe ukishasoma.

Habari za baridi, za chakula, za swala na za wanaume hutazikuta humu. Shangazi zako wamekupigia simu kutoka Tanga wiki nzima, na kama kuna onyo walilolisahau basi bado halijabuniwa. Mimi nina jambo moja tu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekunywa chai.

Mwalimu Angasi, huyo unayekwenda kukaa nyumbani kwake Uskoti, ndiye aliyenifundisha kuona. Ndiye pia aliyeniibia. Yote mawili ni kweli, na maisha yako yote nimekuambia la kwanza tu.

Nianze na zuri lake, maana nikianza na hasira sitafika mbali. Alikuja shuleni kwetu Tanga nikiwa na miaka kumi na minne. Mtu mrefu, shingo nyekundu, soksi hadi magotini, na kila kidole kina rangi chini ya ukucha. Siku ya kwanza alitutazama wasichana tuliojibana madawatini, akasema kwa Kiswahili chake alichojifunzia melini kwamba yeye si Mwingereza. Sisi tofauti hatukuijua. Akachora ramani ya kwao ubaoni bila kuinua chaki, akatia nukta pembeni penye bahari, akasema, "Hapa ndipo mama yangu anapasua samaki." Darasa zima tulicheka, kwa sababu hatukuwahi kusikia Mzungu mwenye mama anayepasua samaki.

Akatueleza. Mama yake na wanawake wenzake walisimama gatini tangu alfajiri na visu vifupi, vidole wamevifunga matambara ili chumvi isiingie kwenye mikato. Baba yake alitengeneza mapipa ya kutilia samaki hao. Yeye alipata nafasi ya kusoma uchoraji katika mji mkubwa wa kwao kwa sababu mwalimu mmoja alimsemea, na alipomaliza hakutokea mtu wa kununua picha zake, akawa mwalimu. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kwetu. Hayo yote alitusimulia bila haya, na tukampenda kwa ajili hiyo.

Shule haikuwa na rangi. Alitufundisha kutumia buluu ya kufulia nguo, manjano ya jikoni, masizi ya sufuria na udongo mwekundu uliokuwa nyuma ya bweni. Kitambaa cha marekani tulikigongomea kwenye mbao za masanduku, tukakipaka uji wa muhogo, tukaanika. Alipita kati yetu mikono kaikunja nyuma, na hata siku moja hakumnyang'anya msichana brashi amwonyeshe. Ukikosea alikuuliza, "Umetazama, au umekumbuka?" Ukisema umetazama, anakurudisha ukatazame tena. Kila nilichokufundisha wewe mezani kwetu ni chake, hata lile swali.

Alikuwa na kanuni moja aliyoishika kama dini. Hakuna mwanafunzi kuandika jina lake mbele ya picha.

"Sahihi ya mbele ni ya mchoraji," alikuwa akisema. "Mwanafunzi huandika nyuma, kwa penseli."

Tukaandika nyuma. Nani amechorwa, nani amechora. Tuliona ni adabu, kama kuvua viatu mlangoni. Ishike hiyo kanuni akilini, nitairudia.

Nilipofika miaka kumi na sita aliniita chumbani mwa rangi, akanipa mirija yake mwenyewe ya rangi za mafuta, ile aliyoletewa kwa meli na ambayo wengine hatukuruhusiwa hata kuigusa. Akaniambia nichore mtu ninayemjua kuliko wote. Nikaenda nyumbani nikamchora bibi yako akikuna nazi.

Bibi yako hakupata kupigwa picha. Mpiga picha alikuja mtaani sikukuu mbili, na mara zote mbili bibi yako alijifungia chooni. Alisema kamera inapokonya. Lakini kwangu alikaa, Jumamosi nne mfululizo, juu ya mbuzi yetu iliyokuwa na mguu mmoja uliotiwa kiraka cha debe. "Brashi angalau inaomba," alisema. Alikuna nazi nyingi kiasi kwamba mtaa mzima ulikula wali wa nazi mwezi ule, na majirani wakaanza kuuliza tuna harusi gani.

Nilichora mikono yake vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, ni mikono niliyokuwa naitazama tangu nanyonya. Mguu ndio uliniponza. Nilianza vidole upande wa kidole gumba, nikachoka, nikaanzia upande wa pili, na nilipokutana katikati vilikuwa sita. Mwalimu Angasi alivihesabu, akacheka hadi akavua miwani. Nilitaka kufuta, akanizuia. Alisema picha isiyo na kosa haina mtu ndani. Na bibi yako nilipompelekea aione, alitazama mguu wake, akatazama picha, akasema, "Hiki cha sita ni cha kukufukuzia wewe."

Nikaandika nyuma jina lake na langu, kwa penseli, nikaipeleka shuleni ikakaushwe kwenye stoo.

Masika yalipoingia, Mwalimu Angasi aliniita akaniambia paa la stoo limevuja na picha yangu imeharibika kabisa. Hakunionyesha. Alisema ni afadhali nisiione. Alikuwa na machozi, mama, nakuapia, na mimi ndiye niliyembembeleza yeye. Muhula ulipokwisha akarudi kwao. Kabla mwaka haujatimia bibi yako akafa, kwa homa ya siku tano, na hakukuwa na kitu duniani chenye uso wake. Miaka imepita, na siku nyingine huwa siukumbuki sawasawa. Nakumbuka mikono, nakumbuka sauti, uso unakuja na kupotea.

Sikuchora tena. Niliolewa, nikakuzaa wewe, nikaanza kuuza vitenge, kisha viatu, na biashara ikanileta hadi huku Guangzhou. Watu wa soko la Zhanxi wananijua kwa ubishi, hakuna anayejua kwamba niliwahi kushika brashi. Wewe tu nilikuambia, na nilikuambia nusu.

Sasa nifike mwaka jana. Wakati huo wewe bado uko Tanga, hujaja kukaa nami. Mwenye hoteli mmoja wa Unguja alinituma nimnunulie picha za mafuta za vyumbani, za bei rahisi, zenye miti na maji. Kamau, yule wa Nairobi anayefunga mzigo wa viatu mlango wa tatu kutoka kwetu, akaniambia kuna karakana nyuma ya mtaa wa Sanyuanli wanakochora picha kama watu wanavyoshona suruali. Akanisindikiza kwa kuwa Kichina chake kinashinda changu.

Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Ndani walikuwako watu kama ishirini, kila mmoja na sehemu yake. Huyu anachora mbingu tu, yule nguo tu, mwingine mikono. Picha zilizokwisha zimetundikwa kwenye kamba zikauke. Nikainua macho nitafute miti na maji, nikamwona mama yangu. Alikuwa mara thelathini. Mstari mzima, kutoka dirishani hadi ukutani, anakuna nazi, mguu wa mbuzi una kiraka cha debe, na vidole sita.

Nikakaa juu ya kopo la rangi.

"Mathe, tulia kwanza," Kamau akasema. "Umeona nini hapo?"

Nikamwambia nimemwona mama yangu.

"Lakini mathe, si ulisema alikufa zamani?"

"Alikufa, Kamau. Na yuko hapa."

Laoban, yaani tajiri wa karakana, alidhani nalalamikia vidole. Akaanza kujitetea kwa kelele, Kamau anatafsiri. Alisema hata yeye anajua ni sita, hakukosea yeye, aliyekosea ni mgeni aliyechora ya asili. Msichana wake mmoja aliwahi kusahihisha akaweka vitano, na mnunuzi wa Ulaya akairudisha kazi yote. Tangu hapo msichana wa miguu ana amri, sita. Niliuliza ya asili ni ya nani. Akaniletea kitabu kikubwa cha picha alichokipata Hong Kong. Kwenye jalada yuko mama yangu. Ukurasa wa pili yuko Mwalimu Angasi, amezeeka, amevaa fulana ya sufu, anatabasamu.

Nilitaka kununua picha zote thelathini nizifiche. Laoban akatikisa kichwa, meiyou, meiyou, hakuna ya kuuza, mzigo una mwenyewe. Nikanunua kitabu badala yake. Picha za hoteli nilizisahau, na yule bwana wa Unguja hasemi nami hadi leo.

Kitabu kimo ndani ya katoni ya viatu vya watoto chini ya kitanda changu. Kitoe ukitazame. Kimeandikwa maisha yake yote, na mengi ni ya kweli. Gati lipo, matambara ya vidoleni yapo, mapipa yapo. Kisha kinasema alikwenda Afrika ya Mashariki kutafuta mwanga. Alikuja kutafuta mshahara, mwenyewe alituambia. Kinasema alirudi kwao na picha moja iliyobadilisha kila kitu, wataalamu wakaja, maonyesho yakafunguliwa, chuo cha mji mkubwa kikamwita afundishe, akafundisha hadi alipostaafu, na wanafunzi wake wakampenda mno. Hili la mwisho naliamini kabisa. Ualimu wake hakuuiba kwa mtu.

Halafu kuna kurasa mbili nzima za msomi fulani juu ya kidole cha sita. Anasema ni ishara ya mizimu ya pwani, na ya safari isiyokwisha ya mwanamke. Nilisoma nikicheka peke yangu hadi Bi Rehema akanigongea dari kwa ufagio. Kisha nikalia. Mama yangu angesema msomi naye anahitaji kufukuzwa kwa kidole hicho hicho.

Geuza kurasa za nyuma utaona picha alizochora mwenyewe miaka iliyofuata. Wanawake wanatwanga, wanasuka ukili, wanachambua mchele. Ni picha nzuri. Vidole vitano kila mguu. Kila mkono umechorwa sawasawa, na hakuna hata mmoja unaofanya kazi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kitabu hakisemi: alikuwa mwalimu mkubwa na mchoraji wa kawaida, na alilijua hilo mapema kuliko mtu yeyote. Miaka yote ile alikuwa akijaribu kuifikia picha ya msichana wa miaka kumi na sita iliyotundikwa kwenye ukuta wake.

Nikamwandikia kwa kupitia waliochapa kitabu. Sikutukana. Niliandika mstari mmoja: Mwalimu, paa lilivuja wapi?

Alijibu upesi, kurasa sita, mwandiko unatetemeka. Alikiri kila kitu, bila mimi kumwuliza mara ya pili. Mvua ilikuwa uongo. Alisema alipoiona picha ikikauka kwenye stoo aliona mikono ya mama yake mwenyewe, aliyekuwa amekufa mwaka ule, na ambaye yeye, msomi wa uchoraji, hakuwahi kumchora. Hakuweza kuiacha. Akaifunga na nguo zake akaondoka nayo, akiapa ni ya kutazama tu. Miaka ikapita, mfanyabiashara wa picha akaja nyumbani kwake kwa jambo lingine, akasimama mbele ya picha ile, akauliza aliichora lini. "Nilinyamaza kwa muda wa kumeza funda la chai," aliandika, "naye akajijibu mwenyewe. Sikusema uongo, Zainabu. Nilinyamaza tu."

Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine zote, na kila nikiisoma nataka kuvunja kitu. Angesema alinidharau, ningeelewa. Angesema njaa, ningemsamehe. Mtu aliyenifundisha kutazama hadi nione, alitazama, akaona, akamwacha mama yangu aitwe wa kwake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe ndiyo iliyonila.

Alisema picha ya asili hajaiuza, ipo ukutani sebuleni kwake, na nyuma ameipigilia ubao mtu asione maandishi. Lakini kuyafuta hajayafuta. Hilo aliliandika mara mbili.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kuanzia hapa mwenye kosa si yeye.

Aliniomba nisubiri. Moyo wake ni mbovu, ana miaka sabini na kitu, akishazikwa niseme nitakalo. Na kwa kuwa chini ya sahihi yangu nilikuwa nimemtaja binti yangu anayechora, alisema atakufungulia mlango: nafasi katika chuo alichofundisha, chumba nyumbani kwake na mkewe, na ada juu yake. Nilikaa na barua hiyo siku mbili. Kisha nikaandika neno moja, nimekubali, nikaipeleka posta kwa miguu yangu.

Ukaja Guangzhou, nikakuambia mwalimu wangu amenikumbuka, na kwa upendo wake anataka kukusomesha. Uliruka kitandani hadi Bi Rehema akagonga tena. Ulinikumbatia ukasema una bahati ya kuwa na mama anayekumbukwa. Mimi nikasema alhamdulillahi. Midomo yangu iliweza kusema alhamdulillahi juu ya jambo kama lile.

Yeye alinyamaza kwa funda la chai. Mimi nimenyamaza miezi kumi, nikila nawe sahani moja.

Na si mara yangu ya kwanza. Unakumbuka daftari lako la michoro, ulipokuwa na miaka minane? Ulilikuta halipo, nikakuambia limeliwa na panya. Hakukuwa na panya. Nililifungua nikakuta umechora mikono yangu ikisuka nywele zako, na ilikuwa mikono kweli, inafanya kazi. Niliona wivu, mwanangu. Niliona na hofu, lakini wivu ulitangulia. Nikalitia jikoni likaungua pamoja na maganda ya nazi. Ulilia, nikakubembeleza, kama mimi nilivyombembeleza Angasi. Mvua yake na panya wangu ni ndugu wa tumbo moja.

Ningenyamaza hadi leo, nakwambia ukweli, kama si zawadi yako. Juma lililopita ulinionyesha picha unayompelekea. Humo mimi nimeinama juu ya katoni dukani Zhanxi, mkanda wa gundi kwenye meno, mkono mmoja umekandamiza kifuniko. Sikujua kwamba nina uso ule nikifanya kazi. Nikakuuliza kwa nini hujaweka sahihi, ukashangaa.

"Si ulinifundisha wewe, mama?" ukasema. "Mwanafunzi huandika nyuma."

Nikaigeuza. Limo jina lako na langu, kwa penseli.

Nilikwenda kuoga ili usinione. Kanuni iliyoninyang'anya mama yangu nilikuwa nimeikariri, nikaitunza, nikakurithisha kama kito. Na sasa mwanangu anamchukulia mtu yule yule, mkononi, picha ya mama yake isiyo na jina mbele. Sidhani kama atakuibia. Amezeeka, na nadhani ameshiba aibu. Lakini sitakupeleka huko ukiwa kipofu kwa ajili ya kulinda heshima yake wala yangu.

Kwa hiyo uamuzi ni wako, na nausema wazi. Ukiona nafasi hii imenunuliwa kwa jambo chafu na huitaki, ichane tiketi, nishukie kwa Bi Rehema, na kesho tutafungua duka wote wawili. Sitakulaumu hata kwa kuguna. Ukiona utakwenda, nenda na haki yako, usiende kama mtu aliyefadhiliwa. Ada hiyo haitoki mfukoni mwake, inatoka mikononi mwa bibi yako aliyekuna nazi Jumamosi nne. Na darasani msikilize yeyote aliyefundishwa naye, kwa sababu alichokijua alikijua kwelikweli. Mimi bado sijui namna ya kumchukia mtu aliyenipa macho. Nikijaribu kumchukia nakuta natumia macho aliyonipa.

Mimi niliahidi kunyamaza. Wewe hukuahidi kitu.

Kabla hujafunga begi, chukua kalamu ya wino iliyo juu ya friji, uandike jina lako mbele ya ile picha yangu, chini kulia, herufi kubwa. Ikiharibu picha, iharibu.

Na ukifika nyumbani kwake, watakukaribisha chai. Usiinywe kwanza. Simama mbele ya ukuta umtazame bibi yako kadiri unavyotaka, ukanitazamie na mimi, kisha uniandikie pua yake ilikuwaje, nimeisahau. Halafu mwombe Mwalimu Angasi, kwa heshima zote, aishushe picha na aubandue ule ubao wa nyuma. Kama maandishi yamefutwa, toka hapo hapo na masweta yako, nitakutafutia nauli ya kurudi. Kama yapo, yasome kwa sauti, yeye asikie na mkewe asikie. Niliyaandika nikiwa na miaka kumi na sita, lakini nayakumbuka yote: Mwanaidi, mama yangu. Amechorwa na mwanawe, Zainabu.

Mstari huo unaanza na jina lako. Usome kama mwenyewe.

Ni mimi, mama yako kwa uchungu na mwanao kwa jina,
Zainabu